Redio ikikoroma, mizani inalala: uchambuzi wa kisa cha ngao ya plastiki kwenye mizani ya mwani, Pemba

Kisa hiki kimetokea Pemba, katika banda la kupimia mwani lililo hatua chache kutoka ufukweni. Majina ya kijiji, kikundi, mnunuzi na wakala wake nimeyaondoa, na tarehe nimezigeuza kuwa misimu. Mimi ndiye fundi niliyeitwa kutengeneza, na kama itakavyoonekana, mimi ndiye pia niliyeleta tatizo lenyewe. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaosikia habari za plastiki zinazopitisha umeme na kudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba kazi ni kununua utando na kuubandika.

Chombo na mahali pake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wakulima wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua maji yakikupwa sana, mwani unakatwa kwenye kamba, unaanikwa, kisha unatiwa magunia na kupelekwa bandani kupimwa. Siku ya kupima ndiyo siku ya hesabu ya wiki kadhaa za kuinama majini, kwa hiyo macho yote huwa kwenye namba.

Mizani yetu ni ya jukwaa, ya kidijitali, inatumia betri, uwezo wake kilo 150 kwa vipande vya gramu 50. Chini ya jukwaa kuna kipande cha alumini kinachopinda kidogo mno mzigo ukikaa juu yake. Juu ya kipande hicho vimebandikwa vihisi vya mkazo. Mafundi tunakiita lodi seli. Ukikipa volti 5, kwa mzigo kamili kinarudisha milivolti 10 tu. Gawa hizo kwa vipande 3,000, utakuta gramu 50 za mwani zinawakilishwa na mikrovolti 3.3 hivi. Ishara dhaifu namna hiyo inasafiri kwenye waya wa mita 3 mpaka kwenye kisanduku chenye kioo cha namba, mezani kwa karani.

Kisanduku cha asili kilikuwa cha plastiki, na ndani kilipakwa rangi ya kijivu. Hewa ya chumvi ilikila, skrubu zikaota kutu, mwishowe kikapasuka. Nikaihamishia bodi ndani ya kisanduku cheupe cha kuungia nyaya, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, chenye mpira wa kuzuia maji. Nilijisifu kwa kazi ile, maana maji hayakuingia tena hata tone. Ile rangi ya kijivu niliiona pambo. Kumbe ilikuwa rangi yenye nikeli, na hiyo ndiyo ngao iliyowekwa na watengenezaji ili mawimbi ya redio yasiifikie bodi.

Kwa kuwa lakiri ya mkaguzi wa vipimo ilikatwa, mizani ilipelekwa mjini Chake Chake ikapimwa upya kwa mawe. Ikafaulu bila shida na lakiri mpya ikapigwa.

Siku ya ugomvi

Bamvua mbili zilipita salama, au tuseme hakuna aliyelalamika. Katika ya tatu, mama mmoja alikuja na gunia alilolipima nyumbani kwa mizani ya springi ya kuning'iniza. Kule lilikuwa kilo 43. Bandani lilisoma 41.6. Akalirudisha jukwaani, likasoma 43. Mara ya tatu, 41.7. Ukasikia tu: "Wizi huo!" Wakala akaapa kwa Mungu, karani akalia, sheha akaitwa. Kuna waliosema banda limejengwa mahala pabaya na mizani ina jini wake. Pemba jini hakosekani katika orodha ya watuhumiwa.

Nilipofika nililaumu betri, nikaibadilisha. Kisha nikailaumu lodi seli, nikaifungua, nikaikuta nzima. Nilipoteza siku mbili. Aliyenifungua macho ni bibi mmoja aliyekaa ukutani na redio yake ndogo mapajani, akingoja zamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Fundi, mwanangu, mie nimekaa hapa tangu asubuhi. Redio ikikoroma, mizani inalala."

Mkoromo ule kila mmoja anaujua: simu ikitaka kuita, redio iliyo karibu hutoa "grr, grr, grr" kabla mlio haujaanza. Simu za mfumo wa GSM hazitoi mawimbi mfululizo. Huyatoa kwa mapigo, 217 kila sekunde, na sikio la redio husikia mapigo hayo kama mkoromo. Katika masafa ya megahezi 900, simu ya mkononi yaweza kufika wati 2 katika kila pigo. Haifiki huko kila wakati. Ikiwa karibu na mnara hupunguza nguvu. Ikiwa mbali, kama kijijini kwetu ambako mtandao unapatikana kwa kusimama upande mmoja wa mnazi, huongeza mpaka mwisho. Ndiyo sababu mjini mizani ilifaulu, kwani simu zote za pale zilikuwa zikinong'ona.

Tukafanya jaribio mbele ya sheha. Mawe ya kilo 40 jukwaani, simu ya kitochi ya karani shibiri moja kutoka kwenye kisanduku, mtu wa tatu anapiga. Namba ikashuka hadi 38.6, ikakaa hapo sekunde chache, ikarudi 40. Tukarudia mara kumi, na kila mara ilishuka, haikupanda hata mara moja. Mapigo ya simu yakifika kwenye vipande vya silikoni mlangoni mwa bodi hunyooshwa na kuwa volti ndogo ya kudumu, na upande wake hutegemea saketi yenyewe. Kwa bahati mbaya saketi yetu iliegemea upande wa mnunuzi. Ingekuwa inapandisha, nadhani wakala angeniita mapema zaidi.

Uamuzi wa kwanza: simu mbali

Uamuzi wa haraka ulikuwa kupiga marufuku simu ndani ya mita 3. Kifizikia ulikuwa sahihi kabisa. Ulidumu siku mbili za kupima. Malipo yanafanyika kwa simu, pale pale mezani, na mama aliyekuja na magunia manne hataki kuondoka kabla ya kuuona ujumbe wa fedha. Kanuni ilivunjwa na wakala mwenyewe.

Kiwango cha kimataifa cha mizani za aina hii, OIML R 76 cha mwaka 2006, kinadai chombo kistahimili uga wa umeme, yaani nguvu ya mawimbi ya redio hewani, wa volti 10 kwa mita. Simu ya wati 2 hutoa takriban kiasi hicho kwa umbali wa mita 1. Kwa shibiri moja ni mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo hata mizani nzuri ingekuwa ukingoni pale mezani, na yetu haikuwa na ngao yoyote.

Kwa nini si kisanduku cha chuma

Swali hili niliulizwa na kila mtu, na jibu langu la wakati ule halikuwa safi. Nilisema chuma kitaota kutu, jambo ambalo ni kweli. Nilisema kisanduku cha alumini cha saizi ile sikukipata Chake wala Wete, nalo ni kweli. Sikusema kwamba nilikuwa nimesoma habari za tando za polima, yaani plastiki, zinazopitisha umeme na nilikuwa na hamu ya kuzijaribu. Habari zenyewe zinavutia. Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba plastiki iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme karibu kama metali, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba utando wa maksini, tabaka nyembamba za kabidi ya titani, wenye unene wa mikromita 45 tu, unazuia desibeli 92 (desibeli ni kipimo cha jinsi ngao inavyopunguza mawimbi). Ukisoma hayo usiku, asubuhi unataka utando.

Maksini niliiacha kwa sababu moja: katika unyevu huoksidika, na bandani kwetu hata kiberiti hakiwaki asubuhi ya masika. Polima zinazopitisha umeme zenyewe, kama polianilini, nazo hutegemea sana asidi na unyevu ulio ndani yake. Nikabaki na njia ya mchanganyiko: plastiki ya kawaida iliyotiwa chembe za kaboni.

Utando mweusi

Nilianza na kilichokuwa karibu. Vifaa vya kielektroniki huja katika mifuko myeusi ya plastiki yenye kaboni. Nilikata mfuko, nikabandika ndani ya kisanduku, nikafunga. Jaribio likatoa 38.6, ile ile.

Hapo ndipo nilipopima kitu ambacho ningepaswa kukipima kabla ya gundi. Kata ukanda wa sentimita 10 kwa 2. Huo ni miraba mitano iliyopangwa mstari. Bana kila ncha kwa kipande cha shaba chenye upana mzima wa ukanda, pima ukinzani kwa mita ya omu, gawa kwa tano. Unapata omu kwa mraba, na kwa utando mwembamba namba hiyo ndiyo inayosema karibu kila kitu. Chukua 377, ambao ni ukinzani wa mawimbi katika hewa, ugawe kwa mara mbili ya omu zako, ongeza 1. Jibu ni mara ngapi uga wa umeme unapungua ukivuka utando. Mfuko wangu ulikuwa na omu 10,000 hivi kwa mraba. Hesabu inatoa mara 1.02. Nilikuwa nimebandika karatasi.

Mfuko ule haukutengenezwa vibaya. Umetengenezwa kwa kazi nyingine, kuuachia umeme tuli uvuje polepole, na kwa kazi hiyo omu elfu kumi zinatosha na kubaki. Kinachoamua ni kama chembe za kaboni zinagusana. Zikiwa chache, kila moja ni kisiwa ndani ya plastiki na umeme haupiti. Ukiongeza, hufika kizingiti ambapo ghafla njia inafunguka kutoka upande hadi upande, na ukinzani unaporomoka. Masizi ya kaboni, kwa kuwa chembe zake ni za mviringo, yanahitaji kutiwa kwa wingi kabla ya kufika huko, na plastiki inakuwa ngumu na kukatika. Mirija midogo mno ya kaboni ni mirefu kuliko upana wake mara mamia, kwa hiyo hugusana mapema. Wakati mwingine chini ya asilimia 1 ya uzito inatosha kuanza kupitisha.

Utando wa pili, na mshangao

Rafiki anayefanya kazi katika maabara ya polima ng'ambo alinitumia karatasi mbili za poliyurethani iliyotiwa mirija ya kaboni, unene wa milimita 0.1, laini kama ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa. Safari hii nilipima kwanza. Omu 12 kwa mraba. Hesabu: 377 gawa kwa 24, ongeza 1, ni 16.7. Kwa lugha ya desibeli ni 24 na kitu. Yaani nguvu inayopita ni chini ya sehemu 1 kati ya 250. Nikakadiria kosa la kilo 1.4 litazama chini ya gramu 50.

Nikabandika kwa gundi, nikafunga, nikaita watu. Namba ikashuka hadi 38.9.

Wakala akacheka. Bibi wa redio hakucheka, aliuliza tu, "Sasa fundi, si umeifunika?" Swali hilo nimelifikiria zaidi kuliko maandishi yote niliyosoma, kwa sababu sikuwa nimeifunika.

Mishono, dirisha na mkia wa waya

Mawimbi ya masafa ya megahezi 900 yana urefu wa sentimita 33. Ufa mwembamba wenye urefu wa nusu ya hapo, sentimita 16 na nusu, huyapitisha kana kwamba hakuna kitu, hata kama upana wake ni wa kucha. Kati ya kifuniko na mwili wa kisanduku changu kulikuwa na mpira mzuri wa kuzuia maji, na mpira haupitishi umeme. Ufa wa upande mmoja ulikuwa sentimita 18. Kwa maji nilikuwa nimefunga. Kwa mawimbi nilikuwa nimeacha mlango wazi.

Dirisha la namba lilikuwa na urefu wa sentimita 7. Tundu la namna hiyo peke yake haliruhusu ngao kuzidi desibeli 7 au 8, uwe na utando wa omu 12 au bamba la dhahabu.

Kubwa kuliko yote ni waya. Mita 3 za waya kutoka lodi seli ni antena nzuri kuliko kitu kingine chochote bandani. Waya huo una suka la shaba la kuukinga, lakini mimi nililisokota likawa mkia wa sentimita 6 nikaulehemu kwenye bodi. Kwa hiyo mawimbi yaliyokamatwa na suka yaliingizwa ndani ya kisanduku kwa mkono wangu mwenyewe, kisha yakaachiwa huko.

Kazi iliyofuata ilichukua mchana mmoja. Niliukunja utando kwenye midomo ya kisanduku na kifuniko ili, skrubu zikikazwa, plastiki ya kaboni ibanane na plastiki ya kaboni pande zote nne, na mpira nikauhamishia nje ya mshono huo. Nyuma ya kioo cha namba niliweka wavu wa chuma kisichoota kutu niliokata kutoka chujio la chai; matundu yake ni kama milimita 1, namba zinasomeka na mawimbi hayaoni njia. Suka la waya nililifungua kama mwavuli pale linapoingia, nikalibana mzunguko mzima kwa utepe wa shaba juu ya utando. Nikaongeza pete ya feraiti kwenye waya ili iyazuie mawimbi, na kapasita ndogo ya pikofaradi 1,000 kutoka kila waya wa ishara kwenda kwenye ngao ili iyamwage huko.

Jaribio: mawe ya kilo 40, simu shibiri moja. 40.00. Simu juu ya kisanduku chenyewe: 39.95. Kwa mzigo huo kosa linalovumiliwa mizani ikiwa kazini ni gramu 100. Tukaomba mkaguzi wa vipimo aje kijijini badala ya sisi kwenda mjini, apime pale pale huku simu ikiita. Akapima, akapiga lakiri.

Chumvi ikarudi

Ningependa kuishia hapo. Baada ya miezi mitano, kusi ikivuma, karani alinipigia: mizani imeanza tena, kwa gramu 200 hivi. Nilifungua nikakuta utepe wa shaba umegeuka kijani pale ulipogusa utando. Mgusano ambao siku ya kwanza ulikuwa chini ya omu 1 ulikuwa umepita omu 50. Utando wenyewe ulipima omu 13 kwa mraba. Kaboni haikuguswa na chumvi. Shaba ndiyo iliyoliwa, na kaboni ikiwa jirani na metali kwenye majimaji ya chumvi huiharakisha kuliwa. Namshukuru Mungu sikutumia alumini, ambayo ingeisha mapema zaidi.

Nililichangia hilo pia. Mshono wa nje nilikuwa nimeuziba kwa gundi ya silikoni ya bei nafuu, ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni ikikauka, na ndani ya kisanduku kidogo asidi haina pa kwenda ila kwenye shaba. Niliondoa utepe, nikaweka ukanda wa chuma kisichoota kutu unaobanwa kwa skrubu mbili badala ya gundi, na nikaziba kwa silikoni isiyo na harufu hiyo.

Fedha za watu

Ghala la mnunuzi mjini lina mizani yake. Wakala alipoombwa hati za kupokelea, ilionekana kwamba katika siku mbili za kupima mzigo ulifika ghalani ukiwa mzito kuliko ulivyotoka bandani. Alikuwa ameliona hilo akanyamaza. Maelezo yake hayakuwa ya kipuuzi: mwani mkavu umejaa chumvi na huvuta unyevu, na gunia la masika huongezeka uzito njiani. Lakini siku zile zilikuwa za jua kali. Sheha alikaa nao vikao viwili, na tofauti ya siku hizo mbili ikalipwa, ikagawanywa kwa idadi ya magunia kwa kuwa hakuna aliyejua ni gunia la nani simu iliita. Siku zilizotangulia hazikuwa na hati. Kwa hizo hakuna aliyelipwa, na wapo akina mama ambao mpaka leo wananiamkia kwa ubaridi. Sina la kuwajibu.

Nikitazama nyuma

Utando ulifanya kazi yake, na ulivumilia pwani kuliko metali iliyouzunguka. Hilo ni jambo la kweli kuhusu plastiki zenye kaboni na sioni aibu kulisema. Lakini katika desibeli nilizopata mwishoni, sijui ni ngapi za utando na ngapi za ule mchana wa mishono, kwa sababu nilibadilisha vitu vitano kwa pamoja. Ningebadilisha kimoja kimoja na kuandika namba, ningejua. Nashuku kwamba kubana suka la waya na kapasita peke yake kungeondoa sehemu kubwa ya kosa, hata ndani ya kisanduku kitupu cha plastiki. Fundi mwenye haraka angeanzia hapo, na utando ungebaki bahashani.

Kosa zito zaidi lilikuwa la awali, nalo si la mawimbi. Nilihamisha bodi kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kujiuliza kila kitu kilichokuwemo katika ile ya zamani kilikuwa na kazi gani. Na jaribio la mjini lilipima mizani mahali ambapo tatizo haliwezi kutokea. Mkaguzi hana lawama. Alipima uzito, na uzito ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyejua bodi imehamishwa, sikusema.

Kuhusu marufuku ya simu, bado naiona kuwa hatua sahihi ya kwanza, ingawa ilivunjika. Ilitupa siku mbili za vipimo safi, na vipimo hivyo ndivyo vilivyomfanya sheha aamini kwamba kosa lipo na lina sababu.

Kisanduku cha alumini kilichopakwa rangi, chenye mshono wa mpira unaopitisha umeme, kimeshaagizwa kutoka Dar es Salaam kupitia Tanga. Mpaka kifike, karani kila asubuhi ya kupima huweka jiwe la kilo 20 jukwaani, huomba mtu ampigie, na huandika namba kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya gunia la kwanza. Bibi naye huja na redio yake, huiweka mezani kando ya kisanduku, na haiondoi mpaka magunia yake yaishe.